Siku ya ajali hakuna aliyeumia, wiki ya pili wakawa 6

Tuanze na bampa. Bampa ya Noah yangu ilipata ufa upande wa kushoto, urefu wake kama kiganja changu hivi, na namba pleti ikajikunja kona moja kama sikio la mbuzi. Taksi niliyoigonga ilivunjika taa moja ya nyuma. Ndani kule nyuma ilikuwa na makapu mawili ya nyanya na nawaambia ata nyanya moja haikupasuka, mwenye nyanya alizikagua mbele yangu moja moja. Sasa nielezeni, ajali iliyoshindwa nyanya imevunjaje mkono wa mwanaume mzima?

Sisemi wote walidanganya, ngojeni kwanza, ntafika huko, maana kuna mtu mi mwenyewe nilimtukana moyoni na karibu nimtukane na mdomoni, alafu nkaja kuona aibu.

Ilikuwa mwezi wa 3, mvua ndio zimeanza, natoka Jinja na mzigo wa duka, sabuni na mafuta ya kupikia, narudi nyumbani Busia. Niko na kijana wangu wa duka. Ukishapita Iganga kabla hujafika Bugiri kuna visenta vingi na kila senta ina matuta yake, na kwenye tuta ndio vijana wanakimbilia magari na gonja (ndizi za kuchoma) na maji, kwa hiyo kila mtu anapunguza mwendo. Mbele yangu kuna taksi (wa Nairobi msianze, huku kwetu taksi ndio ile gari nyeupe yenye miraba ya bluu, abiria 14, nyie mnaiita matatu). Ikashuka tuta, ikaanza kuchukua mwendo, alafu mtu pembeni akanyoosha mkono na dereva akakanyaga breki pale pale katikati ya barabara. Na mi nkakanyaga. Lami ina maji. Gari ikateleza polepole kabisa, yaani nilipata muda wa kusema "Yesu wangu" yote mpaka mwisho, ndio nkasikia ko!

Basi. Ni hiyo tu, ko.

Watu wakajaa, sijui huwa wanatoka wapi, dakika moja hakuna mtu, dakika ya pili bodaboda ishirini zimezunguka. Nimesikia ushauri wa watu wengi kwamba ukigonga usishuke, nenda moja kwa moja kituo cha polisi, na kama umegonga mtu na umati umekasirika nakubali, okoa roho kwanza. Lakini hapa hakuna damu, watu wanashuka kwenye taksi wanajinyoosha kama wamefika safari. Nkashuka.

Hapo nilifanya makosa mawili. La kwanza ni la lugha. Mi nimekulia mpakani, mdomo ukifunguka kinatoka Kiswahili, na Kisoga, lugha ya huko Iganga, nakisikia lakini kukiongea najikwaa. Nilipofungua mdomo tu nkasikia mtu nyuma anasema kwa Kisoga huyu ni Mkenya, hawa wana pesa. Namba pleti yangu inaanza na U, wanaiona, lakini we ukishaongea Kiswahili barabara ya Iganga kama sio mwanajeshi basi ni Mkenya, na bei yako inapanda palepale.

La pili ni neno pole. Nilisema pole kwa kila mtu. Pole mama, pole mzee, poleni jamani poleni sana. Si ndio tulivyolelewa? Mtu akijikwaa mwenyewe na kiatu chake tunamwambia pole, ata kama we uko ng'ambo ya barabara. Msoga atakwambia bambi, ni ile ile. Kumbe wiki mbili baadae barua ya loya itakuja kuandika kwamba "ulikiri kosa mbele ya mashahidi kwa kuomba msamaha mara nyingi". Pole imekuwa msamaha! Nilisoma huo mstari mara tatu. Mi sikusema nisamehe ata mara moja, lakini kwenye Kiingereza cha loya vyote vilitoka neno moja.

Sasa kijana wangu. Huyu kijana ana tabia ya kurekodi kila kitu aweke status, ata mbuzi akivuka barabara anarekodi, nimegombana nae sana juu ya bando. Siku hiyo akatoa simu kabla mi sijafungua mlango. Nkamkemea weka simu chini utatuletea matatizo, akajifanya ameweka, kumbe ameishusha tu kiunoni inaendelea. Video ya dakika 2 na sekunde kidogo. Inaanza na miguu ya watu, inapanda, inaonyesha mlango wa taksi umefunguka na watu wanashuka. Nimeiangalia mara nyingi kuliko harusi yangu. Wanashuka 11, dereva na kondakta sihesabu. Mama mmoja anashuka mbele pale kwa dereva amekumbatia boksi la vifaranga, lile boksi lenye matundu, na vifaranga vinapiga kelele mpaka hausikii watu wanasema nini. Kuna mama mzee wa gomesi (lile gauni la heshima la kina mama wa Uganda) ya kijani amesimama pembeni kimya. Kuna kijana wa shati la mistari ananunua gonja. Kondakta anapiga teke tairi ya Noah yangu kwa hasira, mara mbili, alafu anashika goti.

Afande wa trafiki akafika na pikipiki, mama mtu mzima na yunifomu yake nyeupe, alikuwa zamu karibu tu. Bahati yangu. Anatoka West Nile na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Kitu cha kwanza, kabla ya leseni, kabla ya stika ya bima ya thadi pati kwenye kioo, aliuliza kwa sauti: kuna aliyeumia? Akauliza kwa Kiswahili, akamwambia kijana wa boda aulize tena kwa Kisoga. Watu wakasema hapana. Akaandika. Wakati ule niliona anapoteza muda, mi nilitaka twende kwenye habari ya taa.

Akapima na tepu, akachora mchoro wake, magari yakaendeshwa mpaka kituoni, nkapewa namba ya kesi, ile wanaita TAR, na kesho yake mkaguzi wa magari akaja akaangalia breki na bampa na taa. Ripoti yake fupi: breki ziko sawa, uharibifu mdogo. Taa ya watu nililipa mwenyewe elfu 120 za Uganda na ufundi juu, maana hii mlijue kama hamjui, bima ya thadi pati ya Uganda inaangalia mwili wa mtu, kuumia na kufa. Taa, bampa, mlango, hayo ni ya mfuko wako. Dereva wa taksi akasaini amepokea, tukashikana mikono. Kwangu mi ilikuwa imeisha.

Siku ya pili jioni simu. Sauti nzuri, ya adabu, ananiita mama. "Mama shikamoo, ni yule kijana wa kwenye taksi jana, samahani kukusumbua." Mkono umevimba usiku, ameenda kliniki, anaomba tu ya dawa, elfu 80 mama, sitaki makubwa, mi sio kama wale wengine. Mungu wangu, nkamuonea huruma! Namba yangu nilikuwa nimemgawia kila mtu pale barabarani kama kadi za harusi. Nkatuma kwa mobaili mani, na kwa sababu nina akili sana, kwenye sehemu ya sababu nkaandika "dawa ya ajali". Siku ya tatu akaomba elfu 70 ya eksirei. Nkatuma. Laki na nusu imeenda na sina karatasi ata moja, yeye ana meseji mbili zinazosema mi nalipa dawa ya ajali.

Siku ya nne simu nyingine, kijana mdogo, sauti ya kiburi kidogo. Anasema jajja wake, yaani bibi yake, alikuwa kwenye ile taksi na hawezi kugeuza shingo. Hakunisalimia vizuri. Nkamuuliza siku zote nne alikuwa wapi? Akasema siku ya kwanza hakusikia maumivu, siku ya pili alidhani amelalia mto vibaya. Nkamwambia, na hii ndio naona aibu mpaka leo, nkamwambia foleni imejaa, mwambie jajja achukue namba. Nkakata.

Mnaona nilivyokuwa nahukumu? Mwenye adabu nkampa, asiye na adabu nkamfukuza.

Barua ikaja wiki ya pili, imeletwa dukani na kijana wa boda akataka nisaini nimepokea. Watu 6, milioni 3 kila mmoja, jumla milioni 18, siku 7 la sivyo mahakamani. Kulikuwa na mkono uliovunjika, mgongo wa mama mmoja, goti la kondakta, kijana mwenye "mshtuko wa akili", na wanaume wawili ambao majina yao nayasoma sijawahi kusikia, mmoja kifua mmoja kiuno. Shati la mistari, yule yule wa simu za adabu, ndio jina la kwanza kwenye orodha. Jajja hayumo.

Nkakimbilia ofisi ya bima. Dada wa pale, mpole lakini mkavu, aliniuliza umemlipa mtu yeyote? Nkasema kidogo tu, ya ubinadamu. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba ukishaanza kulipa na kuahidi bila wao kujua umewafunga mikono, na wana haki ya kuniambia endelea ulivyoanza. Alafu akanieleza na hesabu ambayo nilikuwa natembea nayo kwenye kioo miaka yote bila kujua. Sheria ya thadi pati ni ya 1989, na mwisho wake ni shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja, na milioni 10 kwa ajali nzima hata wakiwa watu 50. Milioni 1 ya 1989 sijui ungenunua nini, mi nilikuwa mtoto, lakini leo haimalizi ata bili ya mguu kwenye hospitali ya kulipia. Kwa hiyo hao 6 wakishinda milioni 18, bima inatoa 6, na 12 ni Noah yangu na duka langu. Usiku ule sikulala, nilikuwa nahesabu katoni za sabuni.

Kilichoniokoa, kwa kweli, ni kwamba yule afande hakuwa mvivu. Nilirudi kituoni na barua, na kijana wangu na simu yake. Akasoma, akacheka kidogo puani, akasema waite wote waje na fomu zao. Anayedai ameumia ajalini anapewa fomu 3 ya polisi, ni bure wala usidanganywe kulipa, daktari anaijaza ameona nini, inarudi kwenye faili. Kati ya hao 6, wenye fomu iliyojazwa walikuwa wawili.

Na hapa nataka mkae mfikirie kwa nini hii biashara inawezekana kwenye taksi na ni ngumu kwenye basi kubwa. Basi lina tikiti, mara nyingi na jina lako juu. Taksi huna tikiti. Pesa unampa kondakta mkononi mkiwa njiani, unashuka unapotaka, hakuna karatasi duniani inayosema ulikuwemo. Kwa hiyo aliyekuwemo ni yule ambae kondakta anasema alikuwemo. Na kama kondakta mwenyewe ana goti kwenye orodha, umeshaelewa.

Siku hiyo wakaja wote 6 na mtu wa steji, pale taksi zinapopakilia, amewasindikiza. Afande hakuwapigia kelele, hakutaja video. Aliwaita mmoja mmoja kwenye kile chumba chake chenye dirisha moja, mi nimekaa kwenye benchi nje na mlango wazi. Alikuwa na maswali mepesi kama ya kumsalimia mtu. Ulipandia wapi, ulikaa siti gani, pembeni yako nani, alafu la mwisho, kwenye gari kulikuwa na kelele gani?

Mama wa mgongo akacheka ata kabla swali halijaisha. "Vifaranga! Toka Iganga, afande, vimetumaliza masikio."

Kijana wa mshtuko nae akasema vifaranga. Kumbe alikuwemo kweli.

Bwana wa kifua akafikiri. Akasema, redio. Afande akauliza redio tu? Akasema redio, ilikuwa juu sana, mpira. Na wewe ulikaa wapi? Mbele, karibu na dereva. Pamoja na nani? Peke yangu. Afande akaandika, akamshukuru, akamwambia akae. Mi kwenye benchi nimeziba mdomo na leso, maana mbele kwa dereva ndio alikaa mama wa vifaranga na boksi lake mapajani, iko kwenye video anashuka nalo. Bwana wa kiuno alipoona mwenzie ametoka na sura ile, akasema anaenda kununua eyataimu. Sijamuona tena mpaka leo, nadhani bado anatafuta duka.

Sasa shati la mistari. Siku hiyo hakuvaa mistari, amevaa shati jeupe la kanisani, mkono wa kulia uko kwenye plasta umening'inizwa na kitambaa shingoni. Shikamoo mama. Nkaitikia marahaba, tabia ni tabia. Ametoa bahasha ya kaki, ndani picha ya eksirei, akamkabidhi afande kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi kwa kutumia kushoto, yaani adabu mpaka mwisho.

Afande akaenda dirishani akaiinua kwenye mwanga. Mi nkasimama mlangoni. Mkono ulikuwa umevunjika kweli, ata mi niliuona, mfupa mmoja hapa juu ya kifundo una mstari mweusi. Na kwenye kona kulikuwa na herufi L nyeupe, inang'aa. Nimekuja kuelezwa kwamba mpiga picha anaweka kile kiherufi cha chuma kabla ya kupiga ili daktari asichanganye kulia na kushoto, L kushoto, R kulia. Afande akasema, mwanangu, hii ni ya kushoto.

Akasema, "Afande umeishika kinyume. Igeuze."

Kwa sekunde moja mi nkaamini! Nkasema ndio, labda kweli. Afande nae hakubisha, akaigeuza taratibu, akaiinua tena kwenye dirisha. Mkono ukageuka. Na L ikageuka nayo, ikawa inaangalia nyuma, kama herufi ya mtoto wa nasari anayejifunza kuandika. Akaishika hivyo kwa muda mrefu. Hakusema kitu. Kisha akamwambia kijana wangu, hebu ile simu, na akasimamisha video pale penye gonja, mkono wa kulia uko na gonja mdomoni, wa kushoto uko na simu sikioni, mikono yote mizima dakika 2 baada ya ajali.

Kijana akasema labda walimpa bahasha ya mtu mwingine kliniki, anaenda kubadilisha. Akaacha picha. Akaaga vizuri, akasema mama ubaki salama. Plasta aliondoka nayo.

Ule mkono ni wa nani mi bado najiuliza. Kuna mtu mahali fulani alivunjika mkono wa kushoto kweli na picha yake inazunguka.

Goti la kondakta liliisha alipoonyeshwa anavyopiga teke tairi. Alicheka mwenyewe, akasema afande maisha magumu. Kijana wa mshtuko akasema jina lake liliandikwa tu na mtu wa steji, yeye hakuomba, akasaini kwamba hana madai. Mama wa mgongo sijui niseme nini. Alikuwemo, fomu yake daktari amejaza, anasema kiuno kinamuuma akikaa muda mrefu, na kiuno hakina picha. Anatembea vizuri. Lakini na mi nikibeba katoni natembea vizuri na usiku nalia. Bima walimpeleka kwa daktari wao, wakamlipa laki 4. Watu wa kwetu wanasema alikula bure. Mi sijui, na nimeacha kujifanya najua.

Maana nilikuwa nimeshamuona jajja.

Ilikuwa katikati ya hizo wiki. Naangalia ile video kwa mara ya sijui ngapi nahesabu watu, ndio nkamuangalia vizuri mama mzee wa gomesi ya kijani. Wote wanazunguka, wanapiga kelele, wanaangalia taa. Yeye amesimama, na mtu akimuita kutoka kushoto hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima, na mabega na miguu, kama mtu aliyebeba mtungi. Dakika ya kwanza kabisa, kabla hajajua ata yeye kama anaumwa. Nkarudisha nyuma nkaangalia tena. Nkampigia mjukuu wake. Hakupokea, na alikuwa na haki.

Nkamtafuta kupitia mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kijiji chao, ndani ndani upande wa Bugiri. Safari hii nilimpigia kwanza dada wa bima nkamwambia naenda kumuona mgonjwa, sisemi kosa la nani, siahidi. Akasema nenda na sukari tu. Nkaenda na sukari na sabuni miche minne.

Jajja alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, mgongo kwenye mti. Hakusema habari ya pesa kabisa. Daktari wa kituo cha afya alikuwa amemwambia mfupa uko salama ila nyama za shingo zilivutika gari liliposukumwa, na hiyo huwa haiumi siku ile, inakuja kesho yake au keshokutwa, na kwenye eksirei haionekani. Yaani kile kile nilichomcheka mjukuu wake nacho. Nkamuuliza jajja nikusaidie nini. Akanionyesha kwa kidole, kichwa hakigeuki, shamba limelimwa nusu. Nusu nyeusi imeshapandwa maharagwe, nusu ina majani. Mvua inanyesha na jembe hawezi kuinua juu ya bega. Anasema maharagwe hayasubiri shingo.

Nkasimama pale kwenye mstari wa hiyo nusu na nusu. Yeye hakuwa na loya wa kumwandikia milioni 3, hasara yake ilikuwa hapo imelala chini, unaweza kuipima kwa hatua. Tukakubaliana mbele ya LC1, ikaandikwa kwa mkono kurasa mbili, Kiswahili na Kisoga, kwamba natoa watu wawili wa lejaleja, yaani vibarua, mpaka shamba liishe kupandwa na kupaliliwa mara moja, na nauli ya kituo cha afya, na kwamba hayo ndio ya mwisho kwa ajali hii. Jajja kidole gumba, mimi saini, mhuri wa LC. Dada wa bima nilimsomea kwa simu kabla sijasaini. Mjukuu alisimama mlangoni muda wote na hakunisalimia, nkamwambia pole kwa nilivyokujibu, na hiyo safari nilimaanisha nisamehe, loya aandike anavyotaka.

Loya hajaandika tena. Lakini mteja wangu mmoja wa sabuni ambae ni wakili ameniambia nisichome kitu, maana mtu anayedai kuumia mwilini ana miaka 3 ya kwenda mahakamani tangu siku ya ajali. Kwa hiyo nina bahasha: namba ya TAR, nakala ya ripoti ya mkaguzi, karatasi ya taa, ya jajja, na meseji zangu mbili za upumbavu nimeziprinti. Video iko kwenye flashi, na iko kwenye simu yenyewe vile vile, kwa sababu wakili anasema ya kwanza ndio yenye tarehe yake na mahakama inaweza kuitaka. Kijana akalalamika simu imejaa, hawezi kurekodi kitu. Basi nimemnunulia nyingine. Ile ya zamani iko kabatini kwangu chini ya mashuka, nimeizima, na kila mwisho wa mwezi naichaji.